Hanjari ya Wino Kwenye Uso wa Saa



Barua tunayoijibu wiki hii imetoka Tanga. Ameiandika binti mmoja kwa niaba yake na ndugu zake wawili. Baba yao alifanya kazi Maskati kwa miaka kumi na minne, na aliporejea nyumbani alikuwa na saa ya Rolex aliyozawadiwa kazini, yenye nembo ya hanjari ya Oman kwenye uso wake. Mama yao alipougua figo saa ile iliuzwa ili atibiwe, na mzee hakuitaja tena tangu siku hiyo. Sasa watoto wameshika kazi, wamechanga fedha, na wanataka kumpatia baba yao nyingine mfano wa ile. Wameiona moja mtandaoni. Muuzaji yuko nchi nyingine, ameweka picha nne, anasema kila kipuri ni cha asili, na anataka nusu ya bei kabla ya Ijumaa. Binti ametuletea picha hizo pamoja na maneno ya tangazo, na swali lake ni moja: watajuaje?

Kwa picha nne hawatajua. Lakini kwa picha hizo hizo nne yapo mambo mawili ambayo tayari yamejitokeza, nayo tutayafikia. Kabla ya hapo ni vyema tuielewe hila yenyewe, kwa sababu wengi wetu tukisikia saa bandia huifikiria ile ya kichochoroni, nyepesi, yenye jina kubwa na mashine ya betri ndani. Hiyo haina shida; fundi saa yeyote wa sokoni huifungua mfuniko na kuirudisha kwa mwenyewe akicheka. Inayowaliza watu ni saa ya kweli, iliyotengenezwa Uswisi, yenye jina lake halali, lakini ndani yake au usoni pake mna kitu kisicho chake. Wakusanyaji wa saa huziita saa hizo kwa jina la Frankenstein, yule mwanasayansi wa riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818 aliyeunda kiumbe kutokana na viungo vya maiti mbalimbali. Sisi tuziite saa za kuungaunga.

Hata hivyo tusimhukumu kila mwenye saa iliyobadilishwa kipuri. Saa iliyovaliwa miaka hamsini imepitia mikono ya mafundi wengi. Kioo kilivunjika kikawekwa kingine. Akrabu ziliota kutu zikabadilishwa. Na zamani hizo hata wakala wa kampuni mwenyewe, ukimpelekea saa kwa matengenezo, alikuwa akiutoa uso uliofifia na kuuweka mpya, na mwenye saa akamshukuru. Kipuri kisicho cha saa ile si lazima kiwe bandia, na aliyekiweka si lazima awe mwizi. Dhambi huanzia pale muuzaji anapojua hayo na akaandika kwenye tangazo kwamba saa haijawahi kuguswa, kwa kuwa tofauti ya bei kati ya saa iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani na ile iliyobadilishwa uso ni kubwa mno.

Asidhani mtu kwamba hudanganywa wajinga tu. Mwezi Novemba 2021, mjini Geneva, nyumba ya mnada ya Phillips iliuza saa ya Omega Speedmaster ya namba 2915-1, toleo la kwanza kabisa la saa hizo zilizoanza kuuzwa mwaka 1957. Uso wake ulikuwa umegeuka kutoka mweusi ukawa wa rangi ya kahawia, jambo ambalo wakusanyaji hulipenda na kulilipia. Ilikisiwa kufikia faranga za Uswisi 80,000 hadi 120,000. Ilinunuliwa kwa zaidi ya milioni tatu. Na mnunuzi hakuwa tajiri asiyejua kitu. Alikuwa kampuni ya Omega yenyewe, iliyoitaka kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 Omega ikatangaza kwamba saa ile ilikuwa ya kuungaunga, vipuri vyake vingi vikiwa vya kweli lakini vimekusanywa kutoka huku na huko, na kwamba waliokuwa watumishi wake wenyewe walihusika katika njama hiyo. Ikiwa waliotengeneza saa waliweza kuuziwa saa yao wenyewe, binti wa Tanga hana haja ya kuona haya kuuliza.

Sasa tuje kwenye hanjari. Sultani Qaboos bin Said alishika utawala wa Oman tarehe 23 Julai 1970, na akatawala hadi alipofariki Januari 2020. Katika miaka yake ya mwanzo wengi wenye asili ya Oman waliokuwa Unguja, Pemba na mwambao wote walirejea huko, na wengi walipata kazi serikalini, jeshini, mashuleni na hospitalini. Kasri na serikali ya Oman ziliagiza saa za Uswisi kwa ajili ya zawadi, nyingi kupitia duka la Asprey la London, zikiwa na nembo ya hanjari usoni au zimechongwa mgongoni. Ndiyo maana saa hizi si ngeni katika nyumba zetu za pwani. Si kila moja ilitoka mkononi mwa Sultani. Nyingine zilitolewa kwa maofisa, walimu, madaktari na wageni. Na kwa kuwa leo zinatafutwa sana, nembo hiyo imekuwa kipuri kinachoghushiwa kuliko vyote. Mghushi hahitaji kutengeneza saa. Ananunua Rolex ya kawaida, halali, yenye uso mtupu, anaichapia hanjari ya milimita chache, na bei inapanda mara kadhaa kwa tone la wino.

Tangazo alilotuletea binti yetu linasema saa ni Rolex Datejust ya namba 1601, ya mwaka 1968, "zawadi ya Sultani Qaboos". Msomaji anayeifahamu historia ya Oman ameshaliona la kwanza. Mwaka 1968 mtawala alikuwa baba yake, Sultani Said bin Taimur. Qaboos hakuwa na dola wala hazina ya kuwapa watu saa. Yumkini saa ilitengenezwa 1968, ikakaa dukani, ikatolewa baadaye, hilo hutokea. Lakini basi muuzaji alieleze, tena kwa karatasi, si kwa maneno matupu. Na kama picha ya nembo ina taji la kifalme juu ya hanjari, mtindo wa zama za Qaboos, huku kasha likisema 1968, maelezo hayo yanahitajika zaidi.

La pili liko chini kabisa ya uso wa saa, penye tarakimu ya 6. (Ninasema tarakimu makusudi, kwa kuwa saa sita ya Waswisi ni saa kumi na mbili yetu.) Hapo, ukiikuza picha, kuna maandishi madogo kuliko yote, na hayo ndiyo yenye habari nyingi. Katika saa za zamani rangi ile inayong'aa gizani ilitengenezwa kwa radiamu. Kuanzia miaka ya 1960 Rolex na wenzake wakahamia kwenye tritiamu, wakaonyesha hivyo kwa kuandika T SWISS T au SWISS - T<25. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tritiamu nayo ikaachwa, ikaja rangi isiyo na mionzi, na maandishi yakarudi kuwa SWISS, kisha SWISS MADE. Picha ya pili ya tangazo, japo si safi, inaonyesha SWISS MADE. Kwa Datejust ya 1968 tungetarajia kuiona ile herufi T. Uso huo basi unaelekea kuwa wa baadaye, uliowekwa saa ilipofanyiwa matengenezo, au umepakwa rangi upya na mtu asiyeijua siri ya herufi ile. Na kama uso ni wa miaka ya 2000, hanjari iliyochapwa juu yake ilitoka wapi?

Jaribio la kuthibitisha ni rahisi na halina gharama. Nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na ushei. Ile iliyopakwa mwaka 1968 imeshapungua nusu mara nne na zaidi, yaani haikubaki hata sehemu moja katika kumi na sita. Mwambieni muuzaji aimulike saa kwa tochi ya simu, azime taa, na achukue video. Rangi ya kweli ya miaka ile itawaka hafifu kwa nukta chache na kufa, au haitawaka kabisa. Ikiendelea kung'aa kijani kama taa ya msikitini, imewekwa juzi. Tazameni pia kama vidoa vya rangi vilivyo usoni na vile vilivyo kwenye akrabu vimezeeka kwa rangi moja. Vya uso vikiwa na rangi ya samli na vya akrabu vikiwa vyeupe pe, akrabu na uso havikuzaliwa pamoja.

Uso wa saa ndio unaostahili kuchunguzwa kwa muda mrefu kuliko kitu kingine, kwa sababu ndimo iliko sehemu kubwa ya thamani. Maandishi ya kiwandani yalichapwa kwa wino mzito ulioinuka kidogo, kingo zake zikiwa kali hata chini ya kioo cha kukuzia. Uso uliopakwa upya hujifichua kwa herufi zilizovimba, nafasi zisizo sawa, na vistari vya dakika visivyoelekea katikati ya alama za saa. Mara nyingi mpakaji husahau maandishi madogo ya chini au huyaandika yakawa makubwa kupita kiasi. Mumbai kuna karakana zinazojulikana duniani kote kwa kazi hii; saa za Favre-Leuba, za Seiko na nyinginezo hutoka huko zikiwa na nyuso za buluu na nyekundu ambazo kiwanda hakikuwahi kuzitengeneza. Nyingi huuzwa kwa bei ndogo na mnunuzi hapotezi kitu kikubwa, ila zinafundisha macho. Ukishaziona kumi huwezi kusahau.

Nembo ya hanjari ichunguzwe kwa jicho hilo hilo. Ni mchoro mgumu: jambia ndani ya ala yake iliyopinda, mkanda, panga mbili zilizopishana nyuma yake, na katika baadhi ya saa taji juu. Kwenye saa nyingi zilizotoka hivyo tangu mwanzo, nembo ilichapwa kwa ufundi ule ule wa maandishi mengine, na kila kistari kinasomeka. Ya kughushi aghalabu hugeuka donge: panga zinaungana na ala, pete za mkanda zinapotea, wino umetandaa juu ya varnishi badala ya kukaa kama maandishi jirani. Wakati mwingine mghushi alifuta mstari wa maandishi ili kupata nafasi, na ukiuegemeza uso kwenye mwanga wa jua unaona baka lisilong'aa pembeni mwa nembo. Kwa hiyo ombeni picha ya uso uliolazwa upande kwenye mwanga, si ya mbele tu. Kisha fungueni kumbukumbu za minada ya Phillips, Christie's na Sotheby's, ambazo zimo mtandaoni bila malipo, mtafute saa ya namba ile ile yenye hanjari, mlinganishe mahali nembo ilipokaa, ukubwa wake na rangi yake.

Tukimaliza uso, tuje kwenye namba. Katika Rolex za zama hizo namba mbili zimechongwa ubavuni mwa kasha, zimefichwa na mkanda: upande wa tarakimu ya 12 ni namba ya aina ya saa, kama vile 1601, na upande wa tarakimu ya 6 ni namba ya saa yenyewe. Ili uzione lazima mkanda utolewe. Chongo la kiwandani ni jembamba, la ndani, na linametameta kingoni. Lililoliwa na asidi au kukwanguliwa upya ni pana na la juujuu. Muuzaji anaweza kukataa kuonyesha namba yote hadharani akihofia wanaonakili, na hiyo si hoja dhaifu, ila akikataa kumwonyesha mnunuzi aliye tayari kulipa, hapo hakuna hoja. Namba hiyo ina faida nyingine: kuna daftari la kimataifa la saa zilizoibwa na kupotea, The Watch Register la London, ambako inaweza kuulizwa kabla ya malipo. Ndani ya mfuniko wa nyuma, katika saa za miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa 1970, Rolex iligonga robo na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano III 68. Muhuri huo ukipishana na namba ya kasha kwa miaka mingi, mfuniko umetoka kwenye saa nyingine.

Mashine nayo ina ushahidi wake, na hapa ndipo mnunuzi wa mbali anapoweza kumshinda muuzaji hodari. Datejust ya 1601 ilitoka na mashine ya namba 1565 au 1575, ambayo daraja lake mara nyingi limeandikwa 1570. Mashine hizo haziwezi kubadilisha tarehe peke yake. Lazima uzizungushe akrabu mpaka zivuke usiku wa manane. Uwezo wa kubadilisha tarehe kwa haraka ulikuja na mashine ya 3035 mwaka 1977. Ombeni video fupi isiyokatwa, muuzaji akivuta kifundo cha kutilia ufunguo na kubadilisha tarehe. Tarehe ikiruka huku akrabu zimetulia, mashine si ya saa ile, hata kama muuzaji ataapa. Vivyo hivyo kioo: 1601 ilitoka na kioo cha plastiki ngumu, si cha yakuti ya kutengenezwa. Tangazo linalojisifu kwa kioo cha yakuti kisichokwaruzika, juu ya 1601, linajishtaki lenyewe. Na mfuniko ukifunguliwa, tafuteni yale magurudumu mawili madogo yenye rangi nyekundu yanayofanya kazi ya kujitia ufunguo. Yakiwa ya rangi ya chuma tu, ulizeni.

Mkanda wa chuma ndio unaobadilishwa mara nyingi kuliko vyote, na ndio wenye madhara machache zaidi. Kuanzia 1976 Rolex iligonga herufi ya mwaka kwenye kifungio chake, A ikiwa 1976, B 1977, na kuendelea. Mkanda wa 1980 kwenye saa ya 1968 si kashfa. Upunguze bei tu.

Lipo jambo moja katika barua ya binti yetu ambalo hakuuliza, nasi tunaona ni wajibu kulisema. Tangazo linasema saa ni ya chuma kitupu. Pete ile yenye mifereji inayozunguka kioo cha 1601 ya chuma, kama ni ya asili, si chuma. Ni dhahabu nyeupe ya karati 18, yaani robo tatu yake ni dhahabu halisi iliyochanganywa na madini mengine hata ikapoteza umanjano. Wanazuoni walio wengi wanaiharamisha dhahabu kwa wanaume, na kubadilika rangi hakuiondoi katika jina lake. Basi muuzaji huyu ama haijui saa anayoiuza, ama pete imeng'olewa ikauzwa kando na nafasi yake ikachukuliwa na ya chuma ya kuiga, jambo linalofanywa sana kwa sababu dhahabu ina soko popote. Sonara wa kawaida anaweza kuipima kwa dakika chache. Hatujui baba yao alikuwa na aina gani, wala msimamo wake katika jambo hili. Wamuulize kwa njia wanayoijua watoto. Lakini kama mzee hujitenga na dhahabu, Rolex ilitengeneza saa mbili ndugu wa hiyo, zenye mashine ile ile na ukubwa ule ule: 1600 yenye pete laini na 1603 yenye pete iliyochongwa vistari, na katika saa za chuma pete hizo ni za chuma. Itakuwa ajabu watoto wakalipa ziada kwa ajili ya pete ambayo baba yao hataweza kuivaa.

Ama kuhusu mauzo yenyewe, fiqhi ya biashara imelizungumza jambo hili karne nyingi kabla ya Geneva kuwa na minada. Ni mashuhuri kisa cha Mtume (s.a.w.) kupita sokoni, akatia mkono katika lundo la chakula, akakuta ubichi chini ya kilicho kikavu, akamkemea mwenye mali kwa kuficha. Uso wa saa uliopakwa rangi ni lundo lile lile. Muuzaji aijuaye aibu ya bidhaa anawajibika kuisema, na mnunuzi akiigundua aibu iliyokuwepo kabla ya kununua ana hiari ya kuirudisha. Wauzaji wa mtandaoni hupenda kuandika "ninaiuza ilivyo". Maneno hayo yanaweza kumfaa asiyejua. Hayamwondolei ajuaye wajibu wa kusema. Nawe unayeuza, ndugu msomaji, hukumu ni ile ile. Warithi wanaouza saa ya marehemu wakijua kwamba fundi aliubadilisha uso mwaka fulani, waiseme habari hiyo kwenye tangazo. Bei itapungua, na mirathi itagawanywa kwa kile kilichopatikana.

Haraka ya Ijumaa ndiyo inayotutia shaka kuliko herufi T. Saa iliyongoja miaka hamsini haina sababu ya kushindwa kungoja wiki mbili. Binti na ndugu zake wamwandikie muuzaji kwa adabu, wamuombe haya: picha ya saa ikiwa pembeni mwa karatasi yenye tarehe ya siku hiyo na jina la mnunuzi kwa mkono, picha ya namba zote mbili mkanda ukiwa umetolewa, picha ya mashine na ya ndani ya mfuniko, picha ya uso kwa kuulaza kwenye jua, na video mbili, ya tarehe na ya giza. Wamuulize kwa sentensi moja isiyo na mlango wa kutokea: je, uso, akrabu, pete na mashine ni vya saa hii tangu ilipotoka kiwandani, na nembo ilikuwepo tangu hapo? Jibu liwe la maandishi. Muuzaji mkweli hukasirika mara chache kwa maswali haya. Aghalabu hufurahi kupata mnunuzi anayejua. Na kwa kuwa tunao ndugu Maskati na Dubai, ni bora mmoja wao akutane na muuzaji au mwakilishi wake kwenye duka la fundi saa, mfuniko ufunguliwe mbele yake, fedha itoke baadaye. Kama hilo haliwezekani, malipo yapitie mahali panapozuia fedha mpaka mzigo uthibitishwe, si kwa kumtumia mtu binafsi kwenye simu.

Wengine hutegemea hati. Kampuni kadhaa, Patek Philippe ikiwa mojawapo, hutoa dondoo la kumbukumbu za kiwanda linalosema mashine na kasha lenye namba fulani vilitengenezwa lini na viliuzwa lini. Hati hiyo ina thamani, lakini inathibitisha kilichoandikwa daftarini wakati ule, si hali ya saa iliyo mkononi leo. Sanduku na karatasi za dhamana nazo huuzwa peke yake mtandaoni, zikatafutiwa saa ya kuendana nazo.

Kwa walio na saa kama hizi kabatini, za mzee au za marehemu, tunaongeza mawili. Usimpe fundi aisugue kasha ing'ae kama mpya, wala usimruhusu "kuufufua" uso; makwaruzo na ufifiaji ndio ushahidi kwamba haikuguswa, na kikishapakwa rangi hakuna kinachoweza kurudishwa. Ikitakiwa kufanyiwa kazi, iwe mashine tu, na vipuri vyote vya zamani virudishwe kwako ndani ya bahasha. La pili ni la afya. Saa za kabla ya miaka ya 1960 zenye rangi ya kung'aa iliyogeuka kahawia huenda zina radiamu. Haing'ai tena kwa sababu kemikali iliyokuwa ikiwaka imechoka, lakini radiamu yenyewe hupungua kwa nusu baada ya miaka 1,600 hivi, na vumbi lake halipaswi kuvutwa puani wala kuingia kinywani. Wasichana waliopaka nyuso za saa katika viwanda vya Marekani miaka ya 1920, waliokuwa wakichonga ncha za brashi kwa midomo yao, walikufa kwa ajili yake. Saa hiyo isifunguliwe kwenye meza ya kulia, wala isipewe mtoto achezee kisu kwenye mfuniko. Apelekewe fundi, naye aambiwe mapema ni ya mwaka gani.